Vibarua wa shamba letu la Maine ni sisi wenyewe

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na baba mdogo anayesikika pembeni akikupa la kusema. Mmeuliza mawili. Kwa nini tangu tununue ekari 10 huku Maine, jimbo la Marekani, hela ya nyumbani imepungua badala ya kuongezeka, na kwa nini nisimchukue kijana wenu aje "kutusimamia vibarua". Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Vibarua hatuna. Kibarua ni mimi, ni shemeji yako, ni watoto wakitoka shule. Hizo ekari 10 karibu zote ni msitu na mawe. Tunacholima hakifiki hata ekari moja. Tuna mbuzi wachache, kuku, bustani, na miti ya matufaha tuliyoikuta. Kinacholipa mkopo wa nyumba ni zamu zangu za usiku kwenye nyumba ya wazee na kazi ya shemeji yako ya udereva, ambayo hawezi kuiacha hata akichoka vipi, maana bima ya afya yetu sote inatoka huko. Wakulima wadogo wengi wa huku wako hivyohivyo: lazima mtu mmoja ndani ya nyumba awe na ajira nje ya shamba. Na ardhi unayoimiliki unailipia kodi kila mwaka. Usipolipa, mji unaweka zuio juu yake.

Mmenikuta katika majira mabaya ya kuulizwa habari za pesa. Kuanzia Septemba hadi Novemba, majani yakipukutika, sisi hatuvuni ili tuuze. Tunajiandaa tu kwa miezi ambayo hakuna kitakachoota. Baridi ya Njombe ya Juni naijua, nimezaliwa nayo, lakini ile unaishinda kwa sweta na uji wa moto. Hii ya huku inapasua mabomba ya maji.

Usiku wa kwanza wa kuganda unaweza kuingia Septemba kabla haijaisha. Utabiri ukishasema joto litashuka chini ya sifuri, halali mtu. Mwaka huu shemeji yako alikuwa safarini, kwa hiyo nilitoka na watoto, tochi vichwani, tukachuma kila nyanya, iliyoiva na mbichi, vidole vimekufa ganzi hata hujui kama umeshika tunda au jani. Tulizitandaza sebuleni juu ya magazeti, moja moja, zisigusane, maana ikioza moja inaambukiza jirani zake. Asubuhi mchicha ulikuwa mweusi kama uliomwagiwa maji ya moto. Sukuma wiki haikutikisika. Hiyo ikipigwa na baridi ndiyo kwanza inakuwa tamu. Zao pekee tunalolipanda wakati huu ni kitunguu saumu. Tunakizika Oktoba, tunakifunika kwa majani makavu, kinalala chini ya theluji na kuvunwa Julai.

Halafu kuni. Huku zinauzwa kwa mrundo wa upana futi 4, kimo futi 4, urefu futi 8, na nyumba yetu inakula mirundo kama mitano kwa majira ya baridi. Lumbesa hapa haipo, ila muuzaji mjanja anajua kupanga magogo yenye mapengo ndani. Kuni mbichi hazichomwi, kwa sababu moshi wake unaacha utando kama lami ndani ya bomba la moshi, na ukishika moto unaweza kuondoka na nyumba. Kwa hiyo tunachoma zilizopasuliwa mwaka jana, na sasa tunapasua za mwaka ujao. Mwanangu wa kiume ndiye mkaguzi. Anagonganisha vipande viwili: vikavu vinalia kwa sauti ya juu, vibichi vinatoa mlio mzito. Havimpiti.

Hao watoto mnaowaita "Wamarekani" wanaamka alfajiri kulisha mbuzi na kubadilisha maji ya kuku kabla ya basi la shule. Wananung'unika, na siwalaumu. Binti mkubwa ameshaniambia akimaliza shule hataki kuona mbuzi tena maishani. Mayai nayo yamepungua, kuku wananyonyoka manyoya na mchana umekuwa mfupi. Novemba, saa za nchi zikirudishwa nyuma kwa saa moja kama ilivyo desturi ya huku, jua linazama saa kumi na robo jioni. Ni mwezi wa kuwinda paa kwa bunduki pia, kwa hiyo wote tunavaa vizibao vya rangi ya chungwa ili wawindaji wasitudhanie paa, na mbuzi tunawafunga vitambaa vya rangi hiyohiyo shingoni. Chekeni tu. Jumapili sheria ya Maine inakataza kuwinda, ndiyo siku tunayoingia msituni kwa raha.

Kizuri nacho nikiseme. Giza likiwahi, wote tunabanana jikoni karibu na jiko la kuni, tunapukuchua maharage, baba yao anatega vitendawili, na Kiswahili chao kinapona kidogo. Ugali haukosekani. Mahindi mengine nayapata kwa Wabantu wa Kisomali wa mji wa Lewiston, na kati yao wapo wanaosema Kizigua cha babu zao waliochukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga. Siku ya kwanza kumsikia bibi mmoja akiniamkia, nilibaki mdomo wazi.

Sasa kijana wenu. Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi, hata ya kwa dada yake. Ipo viza ya vibarua wa shamba wa msimu, inaitwa H-2A. Mwajiri ndiye anayeiomba. Lazima aonyeshe kuwa wenyeji wa kuifanya hiyo kazi hawapatikani, ampe mfanyakazi nyumba bure na kumlipa mshahara uliopangwa na serikali. Mimi mwenyewe silipwi hata senti na shamba hili, nitamlipa nini? Msimu ukiisha anarudi nyumbani. Anayemwambia kuna njia ya mkato anataka hela yake, na msimpe.

Hela ya mbolea ya kupandia nitaituma kabla ya mvua za Novemba. Haitafika ile ya mwaka juzi, baba mdogo aambiwe mapema asije akaahidi watu. Miche ya parachichi nitachangia nusu, nusu nyingine kijana aitafute mwenyewe. Nitumie bei ya mche kwa maandishi, siyo kwa sauti, na usinipigie saa mbili asubuhi ya kwenu, huku inakuwa saa saba usiku na siku nisipokuwa zamu ndio nimelala.