Maswali ya Wasomaji: Yaya anayekosa kazini, na siku zake za kupumzika

SWALI: Yaya wetu huja asubuhi na kuondoka jioni. Mwezi wa tatu sasa, haipiti wiki bila kukosa siku au kuchelewa saa nzima. Ujumbe wake unaingia saa 1 kasoro dakika 10, na mimi saa 1 natakiwa niwe nimeshatoka. Akiwepo kazi anaifanya vizuri, na mtoto wetu wa miezi 14 anampenda. Nikimsema anaomba radhi, mambo yanatulia wiki mbili, halafu yanarudi palepale. Nimkate mshahara, nimwachishe, au nivumilie? – Mama wa mmoja

JIBU: Kabla ya yote, ujue anakosa lini. Weka daftari mezani, mahali ambapo na yeye analiona na anaweza kuandika. Kwa wiki 4 iandikwe kila siku: saa aliyofika, saa aliyoondoka, kama alitoa taarifa na saa ngapi, na sababu. Waajiri wengi huandika saa ya kufika tu, wakaruka saa ya kuondoka, na hiyo ndiyo hufichua mengi. Ukikuta anachelewa Jumatano, na Jumanne yake aliondoka saa 2 usiku badala ya saa 12 jioni kwa kuwa wewe ulichelewa kurudi, basi uchelewaji wa asubuhi ulizaliwa jioni, na dawa yake iko mikononi mwako.

Tazama pia Jumatatu na siku zinazofuata malipo. Anayekosa Jumatatu mara nyingi anatoka safari ya mwisho wa wiki. Kuanza saa mbili baadaye siku hiyo moja, na kuzifidia siku nyingine, kunaweza kumaliza tatizo. Anayekosa baada ya mshahara ana madeni ya kulipa na fedha za kutuma. Nusu siku iliyopangwa kila mwezi ni nafuu kuliko siku nzima ya kushtukizwa. Zikiwa siku hazina mpangilio wowote, muulize kwa upole nani anabaki na mtoto wake, au nani anamwangalia mzazi wake mgonjwa. Yaya naye anahitaji mlezi nyumbani kwake, na huyo akikosekana, mnakwama wote wawili.

Kisha mkae. Usilianze jambo hili mlangoni asubuhi, kiatu kimoja mguuni na mtoto analia. Tenga dakika 30 mtoto akiwa amelala, ufungue daftari, utaje hesabu bila hasira: “Katika siku 24 za kazi umekosa 3, umechelewa 5, na mara 6 nimejua zikiwa zimebaki dakika 20 au pungufu.” Ukishasema hayo, nyamaza umsikilize. Neno “kila siku unachelewa” huzaa ubishi, kwa sababu si kweli; hesabu mliyoandika pamoja haina ubishi.

Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja, kila mmoja abaki na nakala. Usikose kuwemo muda wa kutoa taarifa: kwa dharura, apige simu angalau saa 2 kabla ya muda wa kuanza, na iwe simu, kwa kuwa ujumbe unaweza kusomwa umechelewa; kwa ruhusa ya kawaida, aombe siku 14 kabla. Tenganisheni pia aina za siku: ya kuumwa, ya dharura ya familia, ya likizo. Zikichanganywa, mtu mwenye msiba na mtu aliyelala kupita kiasi wanahesabiwa sawa, na hilo linamuumiza mwenye msiba. Na kama wewe unatoka saa 1, kazi yake ianze saa 12 na nusu asubuhi, na nusu saa hiyo ilipwe. Makabidhiano peke yake yanachukua dakika 10: mtoto ameamka saa ngapi, amekula nini, dawa ipi ameshapewa.

Kuhusu kumkata mshahara, tahadhari. Mwaka 2000, wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha jaribio lililofanywa katika vituo 10 vya kulea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi waliokuwa wakichelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini ndogo, na wachelewaji wakaongezeka karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa, hawakupungua. Waliochelewa walikuwa wamekwisha kuona kwamba wanalipia muda wa ziada. Wale walikuwa wazazi, si wafanyakazi, lakini nyumbani nako mtu aliyekatwa anaweza kujiona ameshalipa, na haja ya kukutaarifu ikaisha.

Kama sheria ya mahali mlipo na mkataba wenu vinaruhusu kutolipa siku ambayo hakufanya kazi, kata siku hiyo tu, bila adhabu juu yake. Gawanya mshahara wa mwezi kwa siku za kazi. Kwa anayefanya siku 26, siku moja ni takriban asilimia 3.8. Na siku utakapomwomba aje wakati wa mapumziko yake, usitumie kigawanyo cha 30 ili umlipe kidogo. Kigawanyo cha kukatia kiwe kilekile cha kuongezea.

Baada ya makubaliano, akikosa bila taarifa mzungumze siku hiyohiyo. Mara ya pili, mpe onyo la maandishi. Ikiwa mara ya tatu ndani ya miezi 3, mpe notisi kwa kufuata mkataba na sheria. Huo hautakuwa ukatili, mtoto anahitaji mtu atakayekuwepo. Wakati huohuo tafuta mlezi wa akiba, na mwite mapema kwa saa 2 angalau mara mbili yaya akiwepo. Mtoto wa miezi 14 akiachiwa sura ngeni asubuhi ya dharura atalia kweli, na wewe hutafanya kazi.

SWALI: Dada anaishi kwetu. Tulisafiri naye wiki mbili, akala na kulala vizuri, sasa anadai likizo yake bado iko palepale. Jumapili anatoka saa 4 asubuhi na kurudi saa 12 jioni, na hapo pia anasema hajapewa siku kamili. Je, hatosheki? – Baba wa watatu

JIBU: Ana haki kwa yote mawili. Safarini alikuwa akiwaogesha watoto na kuwaamkia usiku. Mlihamisha mahali pa kazi tu. Pendekezo Na. 201 la Shirika la Kazi Duniani (ILO) linasema wazi kwamba muda wa kuandamana na familia katika likizo yao usihesabiwe kuwa likizo ya mfanyakazi.

Kuhusu Jumapili, hesabu mwenyewe: kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni ni saa 8. Mkataba Na. 189 wa shirika hilohilo, uliopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika 2013, unataka mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo. Hata kama nchi yako haijauridhia, ni kipimo cha haki. Njia inayofanya kazi vizuri ni kuachiana Jumamosi saa 12 jioni, akarudi kazini Jumapili saa 12 jioni. Akichagua kubaki chumbani kwake, mlango ukifungwa yuko nje ya kazi. Hapa ndipo wengi hukosea: “nishikie mtoto kidogo tu” hugeuka saa mbili, na simu ya kuuliza nguo za shule ziko wapi hukatiza usingizi wake. Zitafute nguo hizo Jumamosi mchana, yeye akiwepo.

Likizo ya mwaka ipangeni mapema. Gawanya siku zake kwa 12 ili kila mwezi wote mjue zimefikia ngapi. Mwenye siku 24 anajipatia 2 kwa mwezi. Mkubaliane sehemu gani mnachagua ninyi na sehemu gani anachagua yeye. Na mkisafiri bila yeye, siku hizo alipwe kama kawaida. Msizipunguze kwenye likizo yake isipokuwa mlikubaliana kabla.

SWALI: Yaya akiumwa mafua namruhusu. Safari hii ana tumbo la kuhara, anasema anaweza kuja. Aje? – Mama wa mapacha

JIBU: Asije. Akae nyumbani hadi zipite saa 48 tangu kuhara au kutapika kukome. Kwa homa, saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Lakini jiulize kwa nini anataka kuja. Kama siku ya kuumwa hailipwi, atakuja na ugonjwa wake, na baada ya siku chache mtauguza watoto wawili. Siku kadhaa za kuumwa zenye malipo kila mwaka zinawalinda pacha wako.

SWALI: Aliomba siku 4 kwenda kwao, leo ni ya 9, simu haipatikani. Nizuie mshahara wake, na akirudi nishike kitambulisho chake? – Msomaji

JIBU: Kitambulisho ni chake, usikishike. Mshahara wa siku alizofanya kazi ni deni lako, arudi asirudi. Mpigie kwanza mtu wake wa karibu, maana huenda kuna jambo zito. Kisha tuma ujumbe mmoja wenye tarehe: usipopata jibu hadi siku hiyo, utatafuta mwingine. Yaya ajaye, kabla hajaondoka, mlipe anachodai chote, mwandike siku ya kurudi kwa tarehe badala ya “siku 4”, kwa kuwa wewe unaweza kuhesabu tangu Ijumaa na yeye tangu siku aliyofika kwao, na achukue namba yako akuachie namba mbili za watu walioko huko aendako.