Mwalimu Anajibu: Wachina na Sungura Wao wa Mwezini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafuatilia sana habari za China na safari za anga. Naona karibu kila chombo wanachorusha kinaitwa kwa jina la hadithi za kale: Chang'e, Sungura wa Jade (jiwe la thamani), Kasri la Mbinguni. Rafiki yangu anashikilia kwamba hayo ni matangazo ya serikali tu na raia wa kawaida hayamhusu. Wewe uliishi kule ukifundisha Kiswahili. Ukweli ni upi? Halafu, ni kweli kwamba mtu wa kwanza kuruka kwa roketi alikuwa Mchina aliyeketi kwenye kiti?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hajakosea kabisa. Serikali ya China ilitaka tangu mwanzo kwamba anga iwe jambo la macho na masikio ya watu. Tarehe 24 Aprili 1970 iliporushwa setilaiti yao ya kwanza, Dong Fang Hong 1, yenye uzito wa kilo 173, wahandisi walikuwa wameagizwa kwamba lazima ionekane kwa macho matupu na lazima isikike redioni. Setilaiti yenyewe ilikuwa ndogo mno kuonekana vizuri. Basi wakaifunga hatua ya mwisho ya roketi, yaani kipande chake cha mwisho, ambayo nayo ilibaki ikizunguka dunia, kitu kama sketi ya kuakisi jua iliyojikunjua huko juu. Aliyetazama kutoka chini aliona nyota inayotembea. Na ili isikike, setilaiti ilitangaza muziki wa wimbo wa kumsifu Mao Zedong, wimbo uliobeba jina hilohilo la setilaiti. Hayo ni matangazo ya serikali, hakuna wa kubisha. Tangu 2016 tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Anga nchini kote.

Lakini watu wakishapewa kitu, hukifanya chao. Hapo ndipo sikubaliani na rafiki yako.

Mwishoni mwa Januari 2014 nilialikwa na mwanafunzi wangu mmoja kula Mwaka Mpya wa Kichina kwao, kijijini mkoani Henan. Yule sungura unayemtaja alikuwa amegonga vichwa vya habari siku chache kabla. Nikukumbushe: tarehe 14 Desemba 2013 chombo Chang'e 3 kilitua mwezini kikiwa na gari dogo la magurudumu sita, la kilo 140 hivi. Jina la gari, Yutu, yaani Sungura wa Jade, lilipatikana kwa kura za mtandaoni ambazo watu zaidi ya milioni 3 walishiriki. Katika hadithi, Chang'e ni mke wa Hou Yi, mpiga mishale aliyeangusha majua tisa kati ya kumi. Chang'e alikunywa dawa ya uzima wa milele, akapaa hadi mwezini, na huko anaishi na sungura anayetwanga dawa kwenye kinu. Mtoto wa Kichina huonyeshwa sungura huyo kwenye madoa ya mwezi mpevu usiku wa sikukuu ya katikati ya vuli, mkononi ameshika keki ya mwezi.

Sasa, usiku wa mwezini huchukua takriban wiki mbili za huku kwetu, na baridi yake hushuka chini kupita nyuzi 150 chini ya sifuri. Gari hutakiwa kujikunja na kulala, kisha jua likichomoza liamke. Tarehe 25 Januari, kabla ya usiku wake wa pili, ikatangazwa kwamba Yutu ana hitilafu katika mitambo yake. Shirika la habari la taifa likachapisha tangazo lililoandikwa kana kwamba sungura mwenyewe ndiye anayesema: alitakiwa kulala asubuhi ile, wakubwa wake wamegundua tatizo, huenda asiuvuke usiku huu. Akamalizia kwa kuitakia dunia na wanadamu usiku mwema. Kwenye Weibo, mtandao wa kijamii wa Wachina, kulikuwa na ukurasa ulioandikwa kwa sauti ya Yutu, na haukuwa wa serikali, ulikuwa wa wapenda sayansi. Watu walimiminika pale kumbembeleza, kumwombea, kumwambia apumzike.

Mimi nilidhani hayo ni mambo ya vijana wa mjini wenye simu. Usiku ule wa kuamkia mwaka mpya tulikuwa mezani tunafunga jiaozi, vipande vya unga vinavyojazwa nyama au mboga, yule bibi wa nyumba akikunja kingo za unga kwa vidole vitatu, haraka kuliko sisi wote, televisheni inapiga kelele pembeni. Katikati ya kazi akamuuliza mjukuu wake: sungura ameshaamka? Mjukuu akajibu bado, bibi, ni usiku kule. Bibi akatikisa kichwa, akasema baridi ya huko itakuwa kali kuliko ya hapa, akaendelea kukunja. Hakuna afisa aliyemwagiza bibi yule auulizie mtambo wa chuma ulio umbali wa kilomita laki tatu na ushei. Aliuuliza kama anavyoulizwa mgonjwa wa jirani.

Ni bibi huyohuyo aliyenisimulia habari za 1970. Walitoka jioni wakasimama kwenye uwanja wa kupuria ngano, kipaza sauti cha kijiji kimewatajia saa, wakaiona nukta ikikatiza. Aliniambia majirani waliosimama naye ni akina nani na nani alikuwa amebeba mtoto gani.

Yutu aliamka katikati ya Februari. Hakuweza kutembea tena, lakini vifaa vyake vingine viliendelea kufanya kazi mpaka katikati ya 2016, ilhali alikuwa ametengenezewa miezi mitatu tu. Kwangu hili ni jambo la kustahiwa, kwa wahandisi na kwa waliomsubiri.

Utaniuliza kwa nini hadithi hizi zinashika namna hiyo. Naona ni kwa sababu mara nyingi hadithi na kazi ya chombo vinalingana. Chukua Queqiao, setilaiti iliyorushwa Mei 2018. Upande wa mbali wa mwezi haupokei redio kutoka duniani moja kwa moja, mwezi wenyewe unaziba. Kwa hiyo kabla ya Chang'e 4 kutua huko, tarehe 3 Januari 2019, ilibidi iwekwe setilaiti nyuma ya mwezi ipokezane mawasiliano ya pande mbili. Queqiao ni daraja la ndege wenye manyoya katika hadithi ya mchunga ng'ombe na binti mfuma nguo, wapenzi waliotenganishwa na mto wa nyota. Mara moja kwa mwaka ndege hujipanga, wao wakapita juu yake na kukutana. Mtoto anayeijua hadithi hiyo ameshaelewa kazi ya setilaiti kabla mwalimu wa fizikia hajafungua mdomo.

Na watoto hawakusahauliwa. Mwaka 2013 mwanaanga Wang Yaping alifundisha somo kutoka angani, wanafunzi zaidi ya milioni 60 wakifuatilia. Alitengeneza utando mwembamba wa maji kwenye pete, akaongeza maji taratibu mpaka ukawa tufe linaloelea. Wanafunzi wangu waliokuwa na wadogo zao sekondari walinisimulia tufe lile kwa wiki nzima.

Kuhusu mtu wa kwenye kiti. Huyo anaitwa Wan Hu. Inasimuliwa kuwa alikuwa afisa wa enzi ya Ming, ukoo wa wafalme uliotawala China karne za kale, aliyefunga roketi 47 kwenye kiti, akaamuru ziwashwe zote pamoja, ukatokea mlipuko, na moshi ulipotawanyika hayupo. Hakuna maandishi ya enzi ya Ming yanayomtaja. Masimulizi haya yalienezwa na vitabu vya Kimarekani vya karne ya 20, kisha Wachina wakayapokea, na siku hizi huyakosi katika maandishi yao ya watoto. Mwezini kuna kreta, yaani shimo kubwa la duara, yenye jina lake, upande wa mbali. Ukitaka kumwandika kwenye insha ya shule, mweke pamoja na Chang'e na sungura. Kwenye historia andika Yuri Gagarin, 1961, na kwa Wachina Yang Liwei, tarehe 15 Oktoba 2003, aliyezunguka dunia mara 14 na kurejea salama.