Flaiwili nyepesi kwenye MGB: gari itachomoka kweli?

SWALI: Fundi, nina MGB, ile gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ya injini 1.8. Jamaa ananishauri nikereze flaiwili (lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini) nitoe kilo 3, anasema nitaongeza hosipawa. Ni kweli? Na hasara yake nini?

JIBU: Kuchomoka, yaani kuondoka kwa haraka, itachomoka ndugu yangu, ila hosipawa haziongezeki hata moja. Kinachotokea ni kwamba kila ukikanyaga mafuta injini inatumia sehemu ya nguvu yake kujizungusha yenyewe, yaani kranki (shafti kuu ya injini), flaiwili na klachi, na hiyo nguvu haifiki kwenye tairi, sasa ukipunguza uzito unaozunguka ndo inabaki ya kusukuma gari. Ukishatulia kwenye spidi moja hutaona tofauti, na spidi ya mwisho ni ileile.

Lakini mbona watu wanaongelea kilo tu? Muulize huyo jamaa anatoa kilo 3 wapi. Piga hesabu na mimi: uwiano wa gia namba moja 3.4, wa difu (gia za ekseli ya nyuma) 3.9, tairi sentimita 30 kutoka katikati mpaka chini. Ukizitoa pembeni kabisa, sentimita 13 kutoka katikati, gari kwenye namba moja inajisikia kama umeitoa kilo 100 hivi. Ukizitoa karibu na katikati, sentimita 5, ni kama kilo 18 tu! Kilo ni zilezile, ila umbali unajizidisha wenyewe, na uwiano wa gia nao hivyohivyo, ndo maana ukifika namba nne zile 100 zimebaki kama 12. Kwa hiyo raha yote iko namba moja na mbili, pale unapotoka kwenye kona taratibu, huko barabara kuu usitegemee kitu.

Kitu ninachokipenda zaidi kuliko hata kuchomoka ni jinsi injini inavyopanda na kushuka haraka ukibadilisha gia, ukiwa unarudi namba tatu kwenda mbili unagusa mafuta kidogo tu mizunguko inakubali.

Hasara ipo. Silinda nne zinahitaji flaiwili ya kubeba mzunguko katikati ya mlipuko mmoja na mwingine, ukiipunguza sana injini inatetemeka ukiwa umesimama, na kuondoka kwenye mlima inabidi uongeze mafuta la sivyo inazima. Kama umeshaweka kamshafti kali (shafti ya kufungua valvu, ile ya kuongeza nguvu) ndo itasumbua zaidi. Gari ya foleni kila siku mimi nisingeifanyia hivyo.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri. Flaiwili ya zamani ya chuma cha kumimina ukiikereza ikawa nyembamba, au ikiwa na ufa usioonekana, inaweza kupasuka kwenye mizunguko mikubwa, na vipande vinarukia miguu yako maana iko palepale karibu na pedeli. Kama injini utaizungusha sana nunua ya stili iliyotengenezwa nyepesi tangu mwanzo. Ukiamua kukereza ya kwako, ipimwe ufa kwanza, uzito utolewe ukingoni upande wa injini, usiguse unene wa nyuma ya sehemu klachi inaposuguana, halafu ibalansiwe pamoja na kava ya klachi. Na kwa sababu MGB kufikia klachi lazima injini itoke, badilisha na klachi plate, beringi yake na sili ya nyuma ya kranki kama inavuja, usije ukaishusha injini mara mbili.