Kabla ya kuuliza nani atachapa, uliza nani atahariri

Swali la wiki hii: mwandishi mpya ajichapishie kitabu chake, au ampelekee mchapishaji? Nimepita njia zote mbili, na mimi namtanguliza mhariri.

Kitabu changu cha kwanza nilikitoa mwenyewe. Mswada niliusoma mara nane, nikaupeleka kwa mpiga chapa. Nakala zilipotoka, rafiki yangu akanipigia simu usiku: "Huyu mjomba si ulimzika sura ya 3? Mbona sura ya 9 anafungua mlango?" Mara zote nane nilimpita bila kumwona! Mwenye mswada husoma kilichomo kichwani mwake, si kilichoandikwa. Na nakala zote nilikuwa nimeshazilipia.

Cha pili nilimpa mchapishaji, nikasubiri zaidi ya mwaka. Mswada ulirudi na maswali pembeni karibu kila ukurasa, na sura moja nzima ikaondolewa. Iliniuma, lakini kitabu kilipona. Ndipo nilipoelewa kwa nini mrabaha wangu, yaani fungu la mauzo analolipwa mwandishi, ulikuwa asilimia 10 tu. Wengi huulinganisha na asilimia 70 ambayo Amazon inaweza kumlipa mwandishi kwa kitabu pepe cha kati ya dola 2.99 na 9.99, wakaona wanapunjwa. Ukijichapishia, mhariri, mchora jalada na msoma prufu (anayesaka makosa ya mwisho kabla ya kuchapa) wote wanalipwa kutoka mfukoni mwako, kabla hujauza hata nakala moja. (Na anayejiita mchapishaji kisha akakudai fedha ili akutolee kitabu, mkimbie.)

Ila mkataba usome wote. Mimi nilikiruka kipengele cha kurudishiwa haki ya kukichapa kitabu changu. Kitabu kikaisha madukani, mchapishaji hakukichapa tena, nami sikuwa na ruhusa ya kukichapa. Kwa miaka mitatu wasomaji walikiulizia, sina cha kuwapa. Bado inanichoma.

Njia hizi wala hazigombani. Beatrix Potter, mwandishi Mwingereza wa hadithi za watoto, alikataliwa na wachapishaji, akachapa nakala 250 za The Tale of Peter Rabbit kwa fedha zake Desemba 1901. Mwaka uliofuata wachapishaji Frederick Warne, waliokuwa miongoni mwa waliomkataa, wakakitoa kitabu hichohicho, baada ya kumtaka atie picha rangi.

Mswada wangu wa tatu nitauchapisha mwenyewe. Kwa mpiga chapa bado sijakanyaga. Uko kwa mhariri, na jana amenirudishia sura mbili za mwanzo zimejaa wino.