Kabla ya kununua mkono wa roboti, hesabu vitakavyoushinda

Kilichotushinda wiki ya kwanza hakikuwa kitu kizito. Ulikuwa mfuko wa sponji za kuoshea vyombo. Mkono wa roboti ulishuka ndani ya kreti, ukagusa mfuko, ukavuta hewa. Plastiki ikajikunja ndani ya kikombe cha mpira cha kunyonyea kilicho kwenye ncha yake, mkono ukainuka mtupu. Ukarudia. Mara ya tano ukasimama na kuwasha taa nyekundu, na nyuma yake makreti mengine yakaanza kupanga foleni. Mimi nilikuwa pembeni na simu mkononi, nimejiandaa kupiga picha ya kuwatumia wakubwa.

Picha hiyo sikuituma.

Nimesimamia maghala kwa miaka mingi, na ya karibuni nimeimaliza nikihamisha ghala moja kutoka mikokoteni na orodha za karatasi hadi mfumo unaohifadhi na kutoa bidhaa wenyewe, na mwisho wa mkanda unaosafirisha makreti pana mikono ya roboti inayochukua kimoja kimoja na kujaza oda. Wenzangu wa kazi hii huniuliza wanunue au wasinunue. Nami huwarudishia swali: katika bidhaa zako, ngapi zitaushinda huo mkono? Wengi hunyamaza. Hata mimi ningenyamaza, maana kabla ya kutia saini sikuwahi kuzihesabu.

Kuna mambo mawili hapa ambayo wauzaji hupenda kuyafunga katika furushi moja. La kwanza ni kuhifadhi na kutoa, na hilo ni la siku nyingi. Kampuni ya Bertelsmann ya Gütersloh, Ujerumani, ilikuwa na ghala refu la kreni zinazojiendesha kati ya rafu tangu 1962. Mfumo wa AutoStore, ulioanzia Norwei mwaka 1996, umebana makasha juu kwa juu bila njia ya kupita mtu, na roboti zinatembea juu ya gridi zikiyavuta kama mtu anavyovuta ndoo kisimani. Kiva Systems, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, ikaja na roboti fupi zinazoingia chini ya rafu, zikaibeba nzima na kumpelekea mfanyakazi alipo. Amazon iliinunua mwaka 2012 kwa dola milioni 775. Mifumo yote hii inafanya kazi vizuri, na sababu yake ni moja: kinachoshikwa kinajulikana. Kasha ni lilelile, pa kushikia ni palepale. Mashine haijui kilichomo ndani, wala haina haja ya kujua.

La pili ni kuingiza mkono ndani ya kasha hilo na kutoa kitu kimoja. Hapo ndipo penye kazi. Amazon iliandaa mashindano ya roboti za kuchukua bidhaa kwenye rafu, Seattle mwaka 2015, na washindi, timu ya Technische Universität Berlin, chuo kikuu cha Ujerumani, walitumia bomba la mashine ya kufyonza vumbi. Naam, la kusafishia nyumba. Mwaka uliofuata, Leipzig, walishinda wa Delft, Uholanzi. Mwaka 2017, Nagoya, wakashinda Waaustralia. Tangu hapo hatua zimepigwa kubwa. Lakini Amazon yenyewe ilipoitambulisha roboti ya Vulcan mwaka 2025, yenye uwezo wa kuhisi inachokigusa, ilisema inamudu takribani asilimia 75 ya aina za bidhaa walizonazo. Mwenye fedha na wahandisi wote wale anasema robo tatu. Muuzaji akikuahidi asilimia 99, muulize: asilimia 99 ya nini?

Ya masanduku, kwa kawaida. Siku tuliyokwenda kuona mkono huo ukionyeshwa, ulihamisha visanduku vya karatasi ngumu kwa dakika arobaini bila kukosea hata kimoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ile mzigo wetu ulikuwa bado umelala ghalani kwetu. Kosa langu lilikuwa kwenda mikono mitupu. Siku hizi namwambia kila anayekwenda kwenye maonyesho ya namna hiyo: beba gunia la bidhaa zako mwenyewe, zile mbaya kabisa, umwage mezani mbele yao. Anayekataa kuzijaribu amekujibu tayari.

Ili ujue zipi ni mbaya, ni vizuri uelewe mkono unavyoshika. Mikono mingi ya ghalani haina vidole, inanyonya. Hewa inayotuzunguka inasukuma kwa kilopaskali 101 hivi (kipimo cha msukumo wa hewa) usawa wa bahari. Kikombe cha kipenyo cha milimita 30, pampu ikiwa imeondoa asilimia 60 ya hewa iliyo ndani yake, kinaweza kubeba kilo 4 na kitu. Hiyo ni kwenye karatasi. Mkono ukiongeza kasi na kugeuka, kitu kinataka kuchomoka, kwa hiyo mafundi hugawanya hesabu hiyo kwa 2 mpaka 4, na unabaki na kilo 1 hadi 2. Ghala likiwa nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, inapungua tena. Na yote hayo ni kama uso wa kitu ni bapa na hauvuji. Mfuko wa wavu unavuja. Kitambaa kinavuja. Mfuko laini unajikunja kama zile sponji. Sanduku la kifuniko kisichogundishwa linainuliwa kifuniko, vilivyomo vinabaki.

Tena kuna macho. Kamera za kupima kina hutupa mwanga usioonekana na kusoma unavyorudi. Chupa angavu huupitisha mwanga huo, karatasi ya kung'aa huutupa upande mwingine, na kwenye picha ya mashine panaonekana shimo tu. Sisi tulikuwa na chupa za sabuni ya maji, angavu kama kioo. Siku moja mkono haukuziona kabisa. Ukapita katikati yake, ukanyonya sakafu ya kreti, ukaliinua kreti zima na chupa zake, ukasimama nalo hewani kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Zamu nzima ilicheka. Mimi nilicheka siku tatu baadaye.

Basi hesabu yenyewe. Nilitoa orodha ya bidhaa zilizotoka katika siku 90, nikazipanga kwa idadi ya mara zilizoagizwa, nikachukua 300 za juu na kuzishika moja moja kwa mkono. Usiifanyie kazi hii kwenye kompyuta, maana kompyuta haijui kwamba mfuko unateleza. Vyenye uso bapa, vigumu, vyepesi, nilivitia alama ya kijani. Vya mashaka, njano. Wavu, mifuko legelege, chupa angavu, vilivyoshikana viwiliviwili, vizito kuliko kikombe, nyekundu. Nyekundu zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea, na baadhi yake zilikuwa juu kabisa ya orodha, zile zinazotoka kila saa. Nyekundu moja ya juu ina madhara kuliko nyekundu hamsini za mkiani.

Halafu kuna hesabu ambayo hakuna muuzaji aliyenionyesha, nikaifanya mwenyewe usiku mmoja nyuma ya karatasi ya kupokelea mzigo. Mteja haagizi bidhaa moja, anaagiza oda. Tuseme mkono unaweza bidhaa 9 kati ya 10, na oda ya kawaida ina bidhaa 5. Uwezekano wa oda nzima kumalizwa na mkono bila mtu kuigusa ni 0.9 mara yenyewe mara tano: asilimia 59. Kwa uwezo wa asilimia 75, oda hizo zinashuka mpaka 24 katika 100. Zilizobaki zote lazima zipite kwa binadamu mahali fulani. Ukiwa na oda za bidhaa moja moja, mkono ni neema. Ukiwa na oda ndefu, ujue unajenga ghala la watu na roboti kwa pamoja, na ile sehemu ya watu ndiyo inayotaka kupangwa vizuri zaidi.

Sisi hatukuipanga. Tuliweka meza ndogo kwenye kona, kiti kimoja, skana moja ya mkono, tukaiita meza ya matatizo. Ndani ya wiki mbili ilikuwa ndiyo sehemu yenye shughuli nyingi kuliko zote.

Angalia namna muda unavyopotea. Mkono unachukua vitu 600 kwa saa na kukwama kwenye asilimia 2. Hiyo ni mara 12. Kama kila mkwamo unamngoja mtu afike, aangalie, atoe kitu, abonyeze kitufe, na hayo yanachukua dakika moja na nusu, umepoteza dakika 18 katika kila saa. Kwa hiyo swali la kasi halina maana sana. Uliza mkono ukishindwa, kitu kinatokaje? Kwetu ulikuwa umewekwa ujaribu mara tano, ndiyo maana ya ule mfuko wa sponji. Tulipunguza hadi mara mbili. Ukishindwa, kreti linachepushwa lenyewe kwenda kwa mtu na linalofuata linaingia. Mabadiliko hayo yalikuwa namba moja tu kwenye programu na mkanda mfupi wa pembeni, na yalitusaidia kuliko vikombe vyote vipya tulivyonunua.

Jambo jingine lililotusumbua ni mzani. Mkono huweza kubeba viwili ukidhani ni kimoja, kwa hiyo chini ya kreti la oda huwa na mzani unaolinganisha uzito na ule ulioandikwa kwenye mfumo. Kuna wiki mzani ulikataa bidhaa moja usiku kucha. Tukaita fundi, akaupima, akaupima tena. Kijana mmoja wa zamu ya usiku, aliyekuwa mkusanyaji oda wa miguu kwa miaka kabla ya roboti kuja, akaishika ile chupa na kusema, "Bosi, mzani hauna kosa. Chupa imebadilika." Mwenye kiwanda alikuwa amepunguza plastiki. Uzito katika mfumo wetu ulikuwa wa chupa ya zamani. Tangu hapo kila shehena mpya, kitu kimoja kinapimwa upya uzito na vipimo kabla hakijahifadhiwa, na kijana yule ndiye mkuu wa meza ya matatizo. Ukija kuhamisha watu kazi baada ya roboti kufika, waliokuwa wakizijua bidhaa kwa vidole wawe wa mwisho kuondoka karibu na mkanda.

Mengine nitayapitia mbiombio. Vikombe vya mpira ni kama matairi, vinaisha. Weka vya akiba. Hewa ya pampu isafishwe, vumbi linaziba valvu. Uliza kama picha za kamera zinachakatwa hapohapo ghalani au zinatumwa mbali kwa intaneti, na intaneti ikikatika nini kinatokea. Roboti za kutembea sakafuni zina kiwango chake cha usalama, ISO 3691-4. Omba uone karatasi.

Moto usiupitie mbiombio. Makasha ya plastiki yaliyobanana bila njia katikati, na betri zinazochajiwa juu yake, ni hatari ya aina yake. Ghala la Ocado, kampuni ya kuuza vyakula mtandaoni, la Andover, Uingereza, liliteketea Februari 2019, na chanzo kilichotajwa ni hitilafu ya umeme kwenye kifaa cha kuchajia roboti. Julai 2021 ghala lao jingine, Erith, lilishika moto baada ya roboti tatu kugongana. Wenyewe walikuwa na uzoefu wa miaka na mitambo hiyo. Kaa na zimamoto na kampuni ya bima kabla ya kuchora ramani. Baada ya mkataba kila bomba la maji unaloongeza ni gharama yako.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni anunue kwa awamu. Mkusanyaji wa miguu hutumia karibu nusu ya muda wake akitembea, kwa hiyo mfumo wa kumletea kasha alipo unaondoa sehemu kubwa ya mzigo hata kabla hujagusa mkono wa roboti. Anza na huo. Kituo cha kuchukulia kijengwe kwa vipimo ambavyo leo atasimama mtu na kesho utasimama mkono, umeme na hewa vikiwa tayari vimefika. Kaa mwaka mmoja ukikusanya taarifa za oda zako. Ukiona ghala lako ni dogo, na oda za siku mtu mmoja anazimaliza kabla ya saa nane mchana, sogeza zinazotoka sana karibu na mlango na uachane na haya yote.

Kuhusu sponji, tulijaribu kikombe kipana, kikombe cha sifongo laini, hata vidole viwili vya mpira. Tukamwandikia mtengenezaji atie kadi ngumu ndani ya mfuko. Hajajibu mpaka leo. Sasa ziko kwenye rafu ya kawaida nyuma ya meza ya matatizo, usawa wa kiuno. Oda ikizitaka, yule kijana anageuka, anachukua, anatupia kwenye kreti bila hata kuangalia.