S4 yenye supachaja inakuwa nzito kwenye foleni: anza na pampu

Kaka, nimekuelewa: Audi S4 yako ya 3.0 TFSI imefungwa puli ndogo, asubuhi inavuta vizuri, ila ukishakaa foleni ya Ubungo inakuwa nzito. Puli ndogo huzungusha supachaja (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto, na kompyuta inarudisha taimingi nyuma, yaani inachelewesha cheche, kulinda injini, na nguvu inapungua.

Usinunue kitu kwanza. Chomeka skana usome joto la hewa inayoingia kwenye injini, gari likitembea na likisimama. Kisha kagua pampu ya umeme inayozungusha kulanti (kimiminika cha kupozea) ya kupoza hewa hiyo. Pampu ikizidiwa, mshale wa joto kwenye dashibodi hautakuambia, kwa sababu unapima kulanti ya injini.

Pampu ikiwa nzima, hela yako iweke kwenye rejeta kubwa zaidi ya saketi ya supachaja, ile ya mbele. Msimamie fundi atoe hewa yote kwenye mabomba, la sivyo kazi imepotea. Na tafadhali, maji ya kisima yenye chumvi usiyatie humo kabisa.

Ukisikia injini inagonga unapokanyaga mafuta, achia hapo hapo. Pistoni hutoboka hivyo. Mtafute mtaalamu wa kutyuni (kurekebisha programu ya injini) asome data kabla hujalikimbiza tena.