Zohali Niliyoiona Peke Yangu: Jinsi Nilivyojifunza Kuitazama 2001

Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji aliyeniomba nisimtaje jina. Aliandika hivi: "Ndugu mwandishi, nimeitazama 2001: A Space Odyssey mara mbili, na mara zote mbili nimepitiwa na usingizi kabla kompyuta haijaanza kuua watu. Mara ya tatu nilijikaza hadi mwisho, nikaona kitoto kinaelea angani, nikazima. Tatizo ni mimi au ni filamu?" Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ulivyostahili, kwa sababu umenirudisha kwenye aibu ambayo nilidhani nimeshaizika.

Nianze na kukiri, maana najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile niliyokuwa nayo mimi, ya kuandika kuhusu filamu, jina likachapishwa chini ya makala, na watu wakaja kukuuliza wewe maana ya kile kilichowashinda wao. Mimi niliijua hadithi hii kabla ya kuiona. Nilisoma kwanza riwaya ya Arthur C. Clarke, iliyotoka mwaka 1968 baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, na ambayo hadithi yake Clarke aliibuni pamoja na mwongozaji, Stanley Kubrick. Riwaya hiyo haimfichi msomaji kitu. Inaeleza lile bamba jeusi linalowatokea watu katika hadithi ni nini, limeletwa kwa kusudi gani, kompyuta ya chombo cha anga imeharibikiwa na nini, na kile kitoto cha mwisho kina uwezo gani. Kwa hiyo nilipoketi kuitazama filamu, majibu yote nilikuwa nayo kibindoni, na wenzangu walipokuwa wakikunja nyuso gizani, mimi niliwanong'oneza maelezo kwa sauti ya mtu aliyekuwapo wakati mambo hayo yakitendeka.

Kisha nikaandika makala ndefu na kuipeleka kwenye jarida moja. Nilikuwa na hakika itachapishwa, na nilikuwa nimeshaanza kuwadokeza watu. Ilirudi baada ya wiki chache. Kando ya neno "Zohali", ile sayari yenye pete (Saturn), ambalo nilikuwa nimelitumia mara kadhaa, mhariri alikuwa ameweka alama kubwa ya kuuliza kwa wino mwekundu. Kando ya aya yangu ya mwisho, mahali nilipoeleza kwa mbwembwe jinsi kile kitoto kinavyoyalipua mabomu yanayozunguka dunia, aliweka alama mbili. Na chini kabisa aliandika maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii: "Umeandika kuhusu kitabu. Filamu umeiona?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Katika riwaya, chombo cha anga kinasafiri hadi kwenye sayari ya Zohali. Katika filamu safari inaishia kwenye sayari ya Mshtarii (Jupiter), kwa kuwa mafundi wa Kubrick hawakufanikiwa kuzitengeneza pete za Zohali kwa namna iliyomridhisha. Mlipuko wa mabomu nao umo kitabuni tu. Katika filamu kitoto kile kinaitazama dunia, kisha kinageuka polepole hadi macho yake makubwa yanatuelekea sisi tulioketi, na hapo pazia linashuka. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo kwa zaidi ya saa mbili, na nikaona ndani yake sayari isiyokuwamo na mlipuko usiotokea. Hata hivyo, sidhani kama mtu aliyeshika kalamu nyekundu analazimika kuitumia kama panga.

Sitakuchosheni na miezi iliyofuata. Niliacha kuandika, kisha nikaanza tena, basi.

Kilichonifumbua macho ni mdogo wangu, ambaye hajawahi kusoma riwaya ile na hana mpango wa kuisoma. Siku moja aliniomba tuitazame pamoja, kwa sharti kwamba nisifungue mdomo. Nilikubali kwa shingo upande. Tukapita ile sehemu ya mwanzo ya viumbe nusu nyani nusu watu, wanaoishi katika nyika kavu, wanaofukuzwa kwenye kidimbwi cha maji na kundi jingine, na wanaolala wakiogopa chui. Asubuhi moja wanaamka na kukuta bamba jeusi limesimama mbele yao, laini, lenye pembe kamili, wakaligusa kwa woga. Baadaye mmoja wao anachezea mifupa ya mnyama aliyekufa, anagundua kwamba mfupa unaweza kupiga, na mara kundi linakula nyama na kumuua kiongozi wa wapinzani wao pale kidimbwini. Mfupa unarushwa juu, na ghafla, badala ya mfupa, tunaona chombo cheupe kikielea angani. Mamilioni ya miaka yamerukwa kwa mkato mmoja wa picha. Kwa takriban dakika 25 za mwanzo hakuna neno hata moja linalosemwa.

Hapo ndipo mdogo wangu alipouliza swali ambalo mimi, mjuzi wa mambo yote, sikuwa nimewahi kujiuliza. Sehemu ya kwanza ilianza na maandishi yanayosema "Mapambazuko ya Mwanadamu". Sasa tuko kwenye kituo cha anga, Dakta Floyd, mwanasayansi wa Kimarekani, yuko njiani kwenda Mwezini, miaka isiyohesabika imepita. Mbona hatukupewa kichwa kingine? Nilirudisha nyuma kuhakikisha, na kweli hakuna. Kichwa cha pili kinakuja baadaye sana, chombo kinapoanza safari ya Mshtarii, nacho kinasema imepita miezi 18. Maana yake ni kwamba kituo cha anga, simu ya picha, suti safi na safari ya Mwezini, vyote bado vimo ndani ya sura ya nyani. Bado ni mapambazuko. Na wakati ninatafakari hilo, Floyd akaketi na wanasayansi wa Kisovieti kuzunguka meza ndogo yenye vinywaji, wakamdadisi kwa upole juu ya kinachofichwa Mwezini, naye akawakwepa kwa upole uleule. Mdogo wangu akasema, "Hawa si ndio wale wa kidimbwini?"

Nilitamani mhariri yule angekuwapo asikie.

Tangu siku hiyo nimeishika kanuni moja, nami nawasihi muishike: angalia kinachotendeka kabla ya kuuliza maana yake. Najua inasikika kama jambo la kitoto. Lakini wengi wetu hatutazami, tunasubiri kuambiwa, na filamu hii haina mtu wa kutuambia. Kubrick mwenyewe alipoulizwa maana alikataa kuitoa, akauliza kwamba tungeithamini vipi picha ya Mona Lisa kama Leonardo angeandika chini yake kuwa bibi huyu anatabasamu kidogo kwa sababu meno yake yameoza. Ni jibu la majivuno, lakini ni jibu la haki.

Chukua mfano wa kompyuta, HAL 9000, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapogombana zaidi. Kila mtu ananiuliza kwa nini inawageuka wanaanga. Wakati wa umahiri wangu wa uongo ningekupa jibu la riwaya mara moja, kwamba iliamriwa kuficha siri na uficho huo ukaivuruga. Sasa nakuomba urudi kwenye tukio moja tulivu ambalo huenda ulilipitia ukiwa unasinzia. Mwanaanga Dave Bowman anaionyesha HAL michoro yake ya wenzake waliolazwa katika usingizi mzito. HAL inaisifu michoro, kisha inaomba ruhusa ya kuuliza swali la binafsi. Inauliza kama Bowman hana wasiwasi na safari hii. Inataja uvumi uliokuwapo kabla hawajaondoka, kwamba kuna kitu kilichofukuliwa Mwezini. Bowman anatulia, anaibana: je, unaandaa taarifa yako kuhusu hali za akili zetu? HAL inakubali, inaomba radhi, inasema ni upuuzi kidogo. Halafu, papo hapo, inasema "subiri kidogo", na inarudia tena, "subiri kidogo", kisha inatangaza kwamba kifaa cha antena kitaharibika ndani ya saa 72. Kifaa kinaletwa ndani, kinapimwa, hakina kasoro yoyote.

Sasa unganisha na jambo jingine. Bowman anapomaliza kuizima HAL, ambayo sauti yake imezidi kuwa nzito huku ikiimba wimbo wa zamani wa mapenzi, inajiwasha yenyewe video ya Floyd iliyorekodiwa kabla ya safari. Humo anasema kwamba katika chombo kizima ni HAL pekee iliyojua sababu halisi ya kwenda Mshtarii, yaani bamba lililofukuliwa Mwezini, lililozikwa miaka milioni nne iliyopita, na ambalo lilirusha mawimbi makali ya redio kuelekea sayari hiyo. Kwa hiyo katika mazungumzo yale ya michoro, mwenye siri ndiye aliyekuwa akimpima asiye na siri, akashindwa kuendelea, na kosa lake la kwanza likafuata baada ya sekunde chache tu. Vipande vyote vimo ndani ya filamu, vimeachana kwa muda mrefu, na kazi ya kuviunganisha umeachiwa wewe. Mimi sikuviunganisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshanunua jibu mahali pengine.

Tazama pia wanavyokufa wale watatu waliolala. Hakuna anayepiga kelele, hakuna damu. Ni mistari tu kwenye skrini inayolala taratibu, na maandishi yanayotangaza kwamba kazi za uhai zimekoma. Mara ya kwanza nilitumia muda huo kumweleza mtu tofauti ya Zohali na Mshtarii. (Naam, nilimweleza kimakosa.)

Kuhusu chumba cha mwisho nitasema machache, kwa sababu nimeona watu wakikiandikia kurasa nyingi kuliko nilizoandikia mimi maisha yangu. Bowman anapita kwenye ule mto wa rangi na nuru, anafika katika chumba cha kulala chenye samani za Kifaransa za zamani na sakafu inayotoa mwanga. Anajiona akiwa mzee, na huyo mzee anakuwa yeye. Mzee anakula peke yake mezani, anaiangusha glasi, inavunjika sakafuni. Anaitazama kwa muda, kisha anainua macho, na kitandani kuna mzee zaidi anayehema, ambaye naye ni yeye. Mwaka 1980 Kubrick alimweleza kwa simu mtengenezaji filamu wa Kijapani kwamba alichokikusudia ni rahisi: viumbe wasio na umbo, wa nguvu na akili tupu, wamemweka Bowman mahali panapofanana na bustani ya wanyama ili wamchunguze, na chumba kile ni jaribio lao lisilo sahihi la kumtengenezea makazi yanayompendeza. Mazungumzo hayo yalikuja kujulikana kwa watu wengi mwaka 2018 tu. Ukishajua hilo, bado hujaambiwa lolote kuhusu glasi. Mimi mwenyewe naona glasi imewekwa pale kwa sababu ndicho kitu pekee mle chumbani kinachobeba kosa la kibinadamu: kimewekwa vibaya, kimeguswa kwa bahati mbaya, kimevunjika. Unaweza kuona vingine, mradi uwe umekiona kikianguka.

Basi nawaambieni, hasa nyinyi wenye kalamu mkononi: acheni kukimbilia maelezo. Itazame kwanza bila kitabu. Kisha itazame tena, bila simu, bila mtu wa kukunong'oneza, na ukichoka simama, maana hata Kubrick aliweka mapumziko katikati na akakata takriban dakika 19 baada ya maonyesho ya mwanzo, kwa hiyo hata yeye alijua kwamba mtazamaji ana mgongo. Kisha itazame tena. Kitabu kije baadaye, na kikija kisomwe kama kitabu, kazi nyingine kabisa yenye sayari yake. Mtu asiyeweza kueleza alichokiona hana ruhusa ya kueleza alichokielewa, na nasema hivi nikijua ni nani aliyekosa zaidi kuliko wote.

Mwezi uliopita niliongoza onyesho la filamu hii kwa kikundi kidogo. Sikueleza chochote. Niliwaambia tu wahesabu ni mara ngapi watu wanakula, kuanzia nyama mbichi ya wale viumbe, mikate kwenye chombo kinachoruka juu ya Mwezi, uji wa rangi rangi kwenye trei za wanaanga, hadi ile meza ya mwisho. Hakuna aliyeondoka, na walibishana kwa muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Sitaki kujisifu, ila ni kweli.

Kwa hiyo, dada yangu uliyeniandikia, tatizo si wewe. Filamu hii inasema maneno machache, na ya mwisho kabisa kutamkwa ni ya Floyd, anayekiri katika video ile kwamba asili ya bamba na kusudi lake bado ni fumbo tupu. Zaidi ya dakika 20 zinazofuata hakuna anayezungumza. Rudi, ila uanzie kwenye michoro.

Nilipokuwa nikiandika haya, niliitoa makala yangu ya zamani kutoka kwenye droo ili ninukuu maneno ya mhariri sawasawa. Wino umefifia lakini unasomeka. Ameandika: "Umeandika vizuri kuhusu kitabu. Filamu umeiona?" Neno "vizuri" lipo pale, baada tu ya neno la kwanza, na miaka yote hii sikuwa nimeliona. Hata hivyo, zile alama mbili kwenye aya ya mwisho hazikuwa na haja. Moja ingetosha.